Hilda wa Duka Kuu

Duka Kuu lilipofungua tawi lake Mbulu mjini, Hilda Margwe alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Alitoka kijijini kwao Daudi kwa miguu asubuhi ya ukungu mzito, viatu amevishika mkononi visije vikaharibiwa na tope kabla ya usaili. Walikuwa wasichana tisa wanaotaka nafasi moja ya kitengo cha vitambaa. Meneja, mtu mgeni aliyekuwa akihisi baridi hata ndani ya koti, akamkabidhi kila mmoja mita ya mbao, mkasi na jora la marekani. "Nikatieni mita mbili na nusu," akasema.

Wanane walipima, wakarudia kupima, wakakata huku mkasi ukienda upande. Hilda alikivuta kitambaa, akakibana kwa kidole gumba, akatia mkasi pembeni kidogo tu. Kisha akauweka mkasi chini na kuchana kwa mikono miwili. Kitambaa kikaufuata uzi wake mpaka mwisho. Meneja alipoweka mita juu yake, hakikuzidi wala hakikupungua.

"Umejifunza wapi?"

"Kwa mama yangu. Anashona."

Siku ya pili yake akavaa koti la buluu lenye mfuko kifuani, na kwa miaka kumi na minne iliyofuata, hilo koti ndilo lililokuwa ngozi yake.

Wanaolikumbuka Duka Kuu siku hizi wanazidi kupungua, kwa hiyo ni vizuri kusema lilikuwa nini. Lilikuwa duka la shirika la umma, lenye matawi Arusha, Babati, Katesh, Dongobesh na kwingineko, yote yamepakwa rangi moja, kijani chini na nyeupe juu. Ndani mlikuwa na vitambaa upande wa kulia, vyombo upande wa kushoto, na nyuma kabisa misumari, majembe na mabati. Watu walikuwa wakisema ukiingia Duka Kuu na orodha ya harusi, unatoka na harusi nzima imekosa bibi harusi tu.

Kisha ikaja miaka ya mwanzo ya themanini, bidhaa zikaadimika. Lori la shirika likawa linaonekana kama mvua za mwaka mbaya, na siku likifika, foleni ilianza kabla jua halijatoka. Wakulima wa Daudi walisimama na wafugaji wa Gendabi, wote wamejifunga mashuka mpaka masikioni, wakisubiri mlango ufunguliwe. Na mlangoni, ukishaingia, aliyekuwa akikutazama ni Hilda. Yeye ndiye aliyejua kama khanga zimebaki. Yeye ndiye aliyeweza kusema "zimekwisha," au kukutazama kidogo na kusema "subiri." Wazee aliopaswa kuwaamkia yeye walikuwa wakimwahi kwa salamu. Wakamwita Mama Duka, hali hajapata hata mtoto. Alipoolewa na Akonaay, watu walisema Akonaay ameoa dirisha la serikali. Akonaay alicheka na kuendelea na ng'ombe wake.

Hilda hakuwa mla rushwa. Hilo lazima lisemwe. Lakini alikuwa akipenda kuonekana, na kupenda kuonekana ni njaa ambayo haishibi kwa kulishwa.

Katika miaka hiyohiyo akaajiriwa msichana wa kufagia. Aliitwa Zulfa, binti wa Musa, mzee aliyekuwa na kiduka cha chumvi na mafuta ya taa pale mjini mpaka hali ngumu ikakifunga. Zulfa alikuwa na miaka kumi na saba, mwembamba, mwenye macho yasiyotulia. Alikuwa akifagia mpaka mbele ya kaunta ya vitambaa, halafu fagio linasimama. Macho yake yanabaki kwenye mikono ya Hilda.

"Dada Hilda," alisema siku moja ya masika, duka tupu, mvua inapiga bati. "Nifundishe kupima."

Hilda akamfundisha. Alimfundisha kushika jora ili lisizunguke, kutofautisha tetroni na pamba kwa kusugua kwa vidole, kuchana bila mkasi, kukunja ili mkunjo usikae kwenye ua la kitambaa. Alimgawia kazi ile kama mtu anavyomgawia jirani moto. Moto haupungui kwa kugawiwa. Zulfa alikosea, akacheka, akarudia. Baada ya misimu miwili alikuwa akichana karibu vizuri kama Hilda. Karibu, si kama yeye. Hilda alilijua hilo na lilimfurahisha.

Ruksa ya biashara huria ilipokuja, ilikuja na malori ya watu binafsi. Kafa Ulaya, nguo za mitumba, zikamwagwa chini kwenye minada, suruali na makoti ya watu wasiojulikana, na mtu aliyekuwa akisubiri miezi mitatu apate kitambaa cha shati sasa alichagua mashati kumi asubuhi moja. Maduka ya watu yakaota kando ya barabara kama uyoga. Duka Kuu likabaki na majora manne ya khaki na sufuria zisizo na mifuniko. Meneja akahamishwa, mwingine hakuja. Mwaka tisini na mbili ikaja barua kwamba matawi yote yanafungwa.

Siku ya mwisho wafanyakazi waliambiwa kila mmoja achague kitu kimoja katika vifaa vya duka, kiwe kumbukumbu. Hilda hakufikiri mara mbili. Alichukua kabati la vioo lililokuwa likionyesha vitambaa vya harusi, refu kuliko mtu, lenye milango ya kuteleza. Zulfa akachukua turubai la kijani lililokuwa likifunika mizigo kwenye lori.

"Turubai?" Hilda akamwuliza. "Umeacha viti, umeacha meza, umechukua turubai?"

"Turubai linakunjika, dada," Zulfa akajibu.

Kabati lilipelekwa Daudi kwa mkokoteni wa ng'ombe, vioo vimefungwa kwa majani ya ngano. Lilipofika halikuingia mlangoni. Akonaay alibomoa upande mmoja wa ukuta wa sebule, akaliingiza, akajenga tena. Hilda akapanga humo vikombe na picha ya Bikira Maria, na wageni waliokuja walilisifu kabati.

Miezi michache baadaye alikwenda mnada wa Dongobesh kutafuta mbegu ya vitunguu saumu. Akasikia sauti anayoifahamu. Zulfa alikuwa amesimama katikati ya turubai lile la kijani, viatu amevivua, lundo la kafa Ulaya limemfika magotini, anapiga kelele kama wanaume: "Chagua, mama, chagua! Usiangalie, chagua!" Jasho lilikuwa likimtiririka na vumbi la ng'ombe limemkaa usoni. Hilda alizunguka upande wa mifugo ili wasikutane. Alimwonea huruma. Njiani kurudi aligundua kwamba ile huruma ilikuwa tamu, na akaisikia tamu mpaka alipofika nyumbani.

Utamu huo haukudumu. Mwaka uliofuata Zulfa akawa na kibanda cha mbao. Kisha akaacha mitumba, akaanza kuleta vitenge na vitambaa vya sare kutoka Arusha. Kisha akasikika amekwenda Dar es Salaam, amerudi na majora kumi na mawili. Kila habari ilipofika Daudi, Hilda alikuwa na neno lake. "Ana bahati." "Baba yake alikuwa mfanyabiashara, wana siri zao." "Tetroni anayouza inachuja, ngojeni muone." Akonaay aliyasikia maneno hayo shambani, jikoni na kitandani, miaka na miaka.

"Mama Letisia," alimwambia siku moja, wakipalilia ngano. "Huyo Zulfa unamlima kuliko hili shamba."

"Mimi nimesema nini?"

"Hujasema kitu. Endelea kulima."

Letisia, binti yao, alishonewa sare ya shule kwa kitambaa kilichotoka kwa Zulfa, kwa sababu hakukuwa na kizuri zaidi mahali pengine. Hilda alikisugua kwa vidole akitafuta kasoro. Hakuipata, na hilo nalo likamuudhi.

Mwaka elfu mbili na mbili ukatangazwa mkoa mpya wa Manyara. Maofisa wakawa wanapita na magari, nyumba za kupanga zikatafutwa, watu wakasema sasa mji utaamka. Jengo la Duka Kuu, lililokuwa ghala la mahindi na baadaye makao ya popo, likapangishwa. Aliyelipanga alikuwa Zulfa. Akalipaka kijani chini na nyeupe juu, kama zamani. Fundi wa maandishi aliandika juu ya mlango "Zulfa Nguo na Vyombo," lakini hakuna aliyelisoma bango hilo. Watu walipaita Duka Kuu, kana kwamba lilikuwa limefungwa kwa chakula cha mchana tu.

Hilda aliapa hatakanyaga. Lakini jambo lililomvunja halikutokea dukani. Lilitokea mashineni, amepeleka mahindi kusaga. Alikuwa ameinama anafunga gunia lake, mashine imenyamaza kidogo, akasikia mwanamke nyuma yake akisema, "Mama Duka, jamani, Mungu ambariki."

Hilda akainuka na kugeuka, uso umeshafunguka kwa tabasamu. "Ahsante, mama," alikuwa karibu kusema.

Yule mwanamke hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akimsimulia mwenzake jinsi alivyoongezewa kitambaa cha mikono pale mjini. "Huyo Zulfa, Mama Duka, hana choyo," akamalizia.

Hilda akabeba gunia lake. Alitembea mpaka nyumbani bila kupumzika hata mara moja, na alipolishusha mgongoni, alikaa juu yake akalia. Kunyang'anywa kazi alikuwa amekwisha kuvumilia. Jina lilikuwa limebaki lake, au ndivyo alivyodhani.

Wiki mbili baadaye Zulfa mwenyewe akaja Daudi. Alikuja na kilo mbili za sukari na doti ya khanga, amevaa gauni zito na kujitanda ushungi, amenenepa kidogo, macho yaleyale. Aliliona kabati la vioo akaligusa. "Bado lipo!" akasema kwa furaha. Kisha, baada ya chai, akasema kilichomleta.

"Dada Hilda, nimepata jengo lakini sina mkono. Wasichana ninaowachukua wanakata kama wanachinja kuku. Njoo. Kitengo cha vitambaa kiwe chako kama zamani."

Hilda akakataa. Alisema shamba, alisema miguu, alisema Letisia. Zulfa alipoondoka, Hilda alizungukazunguka nyumbani siku tatu. Siku ya nne akavaa viatu. Akonaay alimwuliza anakwenda wapi, akajibu, "Kumsaidia mtu." Lakini moyoni alikuwa na maneno mengine: nitakwenda nione anachokificha.

Hakuona kilichofichwa. Aliona duka lililojaa, wateja wanaoingia wakicheka. Zulfa alimtambulisha kwa kila mtu: "Huyu ndiye aliyenifundisha kazi. Mwalimu wangu." Alisema kwa heshima ya kweli, na kila aliposema, Hilda alihisi kama anavuliwa nguo mbele ya watu. Mwalimu aliyesimama nyuma ya kaunta ya mwanafunzi wake! Zaidi ya hapo, Zulfa alikuwa akipima ovyo. Alipima mita tatu, kisha akaongeza kiganja kizima bure, akisema, "Na cha mtoto." Wateja walimpendea hicho kiganja. Hilda, aliyepima maisha yake yote kwa uzi, aliona kwamba watu walikuwa wakipenda makosa ya mwingine kuliko usahihi wake.

Mwaka uliofuata kanisa la kigango cha Daudi lilikuwa likijiandaa kwa jubilei yake ya miaka hamsini. Kwaya ilikubaliana kushona kanzu mpya, na Hilda alikuwa mwanakwaya wa sauti ya pili. Mwenyekiti wa kwaya, Onesphory, alikuja dukani akachagua kitambaa cha rangi ya zambarau chenye mng'ao, jora pekee la rangi hiyo lililokuwepo. Waimbaji walikuwa ishirini na watano, kila mmoja mita tatu.

"Dada Hilda atavikata mwenyewe," Zulfa akamwambia. "Ni kwaya yake." Siku iliyofuata alikuwa na safari ya Arusha, akamwachia Hilda funguo.

Asubuhi ile ilikuwa shwari. Jua liliingia kwa dirisha la mbele na kulala juu ya kaunta ileile ya mbao, iliyochakaa mahali palepale ambapo viwiko vya Hilda viliwahi kupachakaza. Alilifungua jora la zambarau na mikono yake ikafurahi. Kwa dakika chache alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Akaandika kwa chaki jina lake mwenyewe kwenye ncha, akapima mita tatu, akachana. Kipande kizuri.

Ndipo mzee mmoja akachungulia mlangoni, kofia mkononi.

"Shikamoo, mzee," Hilda akamwamkia.

"Marahaba. Mama Duka yupo?"

Hilda akanyoosha mgongo. "Mimi hapa, mzee. Nikusaidie nini?"

Mzee akamtazama kwa upole, kama mtu asiyetaka kumkosea mwenzake. "Hapana, mama. Namtaka mwenyewe. Yule wa duka."

"Amesafiri."

"Basi nitarudi," mzee akasema, akaondoka.

Hilda alirudi kwenye jora. Akavuta kitambaa cha pili, akakifikisha mita tatu, kidole gumba kikabana. Akasimama hivyo muda mrefu. Kisha kidole kikarudi nyuma, robo mita. Akachana. Sauti ya kitambaa kuchanika ilikuwa ileile, safi. Akavuta cha tatu, akakirudisha robo mita. Alifanya hivyo mara ishirini na nne, bila haraka na bila kutetemeka, na kile kilichobaki kwenye jora akakiuza mchana uleule kwa mwanamke wa Masakta aliyekuwa akipita.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, fundi Xavery aliviweka vitambaa juu ya benchi mbele ya wanakwaya wote. Xavery alikuwa mtu wa maneno machache, aliyezoea kuongea na sindano mdomoni.

"Havitoshi," akasema. "Nikikata kanzu, mikono inaishia kwenye kiwiko. Vimepunjwa."

Kelele zikalipuka. Onesphory akapima kimoja, akapima cha pili, akakitupa. "Tumeibiwa! Wamejua tuna jubilei, tuna haraka, wakatupunja!"

Hilda alikaa mahali pake, mikono mapajani. Alijua anapaswa kuogopa. Alichokisikia kilikuwa kingine kabisa, kitu chenye joto kilichopanda kutoka tumboni: sasa mtamjua Mama Duka wenu.

Jumatatu Onesphory na Xavery walifika dukani na kapu la vitambaa. Zulfa alikuwa amerudi. Hakubishana. Alichukua mita, akavitandaza kimoja kimoja juu ya kaunta, akavipima mbele yao wakati Hilda amesimama kando akikunja khanga ambayo ilikuwa imeshakunjwa. Mbili na robo tatu. Mbili na robo tatu. Mbili na robo tatu. Kadri Zulfa alivyoendelea, ndivyo mkono wake ulivyopunguza mwendo. Alipofika kwenye kitambaa cha mwisho, mita ilisoma tatu. Akakigeuza. Kwenye ncha kulikuwa na jina limeandikwa kwa chaki.

Akakikunja jina likiwa ndani, akakiweka chini ya vingine.

"Kosa limetoka dukani kwangu," akamwambia Onesphory. "Kwa hiyo ni langu. Jora limekwisha, nitalitafuta lingine mpaka Arusha. Nikilikosa, nitaongea na fundi tujue la kufanya. Naomba mnisamehe."

"Mkono wa mtu hauzoei kuiba siku moja," Onesphory akasema kwa hasira, wakatoka.

Zulfa akaurudisha mlango nusu. Akabaki ameushika.

"Mkono uliteleza," Hilda akasema kabla hajaulizwa.

"Mkono wako?" Zulfa hakupaza sauti. "Mkono ukiteleza, kimoja kinazidi, kingine kinapungua. Hivi vyote ishirini na vinne vimepungua sawasawa, dada. Mbulu nzima hakuna mtu mwingine anayeweza kukosea kwa usahihi hivyo."

Hilda akaishika tena ile khanga.

"Nimekukosea nini?"

Hilda alitafuta jibu. Alitafuta kosa moja la kweli, tangu siku ya fagio mpaka siku ile. Alilotoa lilikuwa hili: "Wanakuita Mama Duka."

Zulfa alimtazama kama asiyesikia vizuri. Kisha akaelewa, na uso wake ukachoka ghafla. "Nenda nyumbani, dada Hilda. Usirudi kesho. Sitamwambia mtu."

Na hakumwambia mtu. Njia nzima ya kwenda Daudi, Hilda hakuweza kuusamehe ukimya ule. Hata katika hilo Zulfa alikuwa amemzidi.

Jora la zambarau halikupatikana Arusha. Zulfa alituma marekani nyeupe bure, ili Xavery aunge mikono na pindo. Lakini maneno yalikuwa yameshatembea. Watu wa Daudi wakaacha kwenda Duka Kuu. Hilda aliwasikia wakisema na hakuwazuia. Hilo ndilo alilolitaka, na kwa wiki moja alikula vizuri.

Kilichombadilisha kilitokea kwenye mazoezi ya kwaya. Wanawake walikuwa wamekaa nje wakisubiri, na mmoja akasema, "Mimi nilishasema. Hao watu wa kuja, dini yao na yetu mbalimbali, wanatuona wakulima hatujui kuhesabu." Mwingine akaitikia, "Ndivyo walivyo. Hata baba yake, yule Musa, chumvi yake ilikuwa na mchanga." Kicheko kikapita. Hilda alimkumbuka mzee Musa, mtu aliyekuwa akiongeza chumvi kwenye pakiti kwa vidole vyake mpaka mizani inalala. Marehemu sasa. Akaona kwamba kile kidole gumba alichokirudisha nyuma robo mita kilikuwa kimefika kaburini kwa mtu.

Waliingia ndani. Onesphory alipotaka kuanzisha wimbo, Hilda akasimama.

"Vile vitambaa nilipunguza mimi," akasema. "Zulfa hakuwepo. Hakujua."

"Ulikosea, mama?" Onesphory akauliza, karibu akimpa njia.

"Sikukosea. Nilikusudia."

Xavery, peke yake, aliitikia kwa kichwa taratibu. Alikuwa ameliona jina la chaki kabla ya wote na alikuwa akisubiri.

Hilda alisimamishwa kwaya mwaka mzima. Siku ya jubilei alikaa viti vya nyuma na wanawake wazee, akiwatazama ishirini na wanne wakipanda mbele na kanzu zao za zambarau zenye pindo na mikono nyeupe. Kuna aliyenong'ona kwamba zinapendeza. Hilda aliona tu mahali kila kiungo kilipoanzia. Wengine walimpita bila salamu. Akonaay alimsubiri nje na baiskeli, akamwambia, "Vitunguu vinataka kuvunwa kesho," na Hilda alimshukuru kwa kutosema zaidi ya hapo.

Alikutana na Zulfa miezi sita baadaye, kituo cha mabasi, kila mmoja na mizigo yake. Walisalimiana.

"Nilisikia ulisema," Zulfa akasema.

"Nilisema."

"Wateja wa Daudi wamerudi." Akahamishia mzigo wake mkono wa pili. "Mimi bado sijarudi, dada. Moyo wangu, namaanisha. Sitaki nikudanganye."

"Usinidanganye," Hilda akajibu. Basi la Zulfa likaondoka.

Baada ya hapo Hilda alifanya kile ambacho zamani, alipomwona Zulfa akikifanya, alikikwepa kwa kuzunguka upande wa mifugo. Alinunua majora matatu ya kitambaa cha sare, akaweka meza kwenye mnada wa Dongobesh, jua na vumbi. Mwanzoni alishindwa hata kuita wateja. Lakini walimu wa shule na viongozi wa vikundi walijua mkono wake, na wale waliojua habari ya zambarau walikuja na mita zao, wakapima mbele yake kabla ya kulipa. Aliwaacha wapime. Hawakukuta kasoro. Baada ya misimu kadhaa wakaacha kuja na mita.

Miaka ikapita. Zulfa akahamia Babati, kwenye makao ya mkoa, ambako biashara ilikuwa imehamia. Jengo la Mbulu likagawanywa vyumba vinne: vocha za simu, kinyozi, dawa za mifugo, na kimoja kisichodumu na mpangaji. Makondakta bado wanaita "Duka Kuu, kuna mtu wa kushuka?" na watoto wanaoshuka hapo wanadhani Kuu ni jina la mtu.

Siku moja mwanamke aliyetoka Babati alisimama mezani kwa Hilda akinunua mita nne za khaki. "Yule Zulfa wenu," akasema, "anajenga."

"Anajenga nini?" Hilda akauliza, kitambaa mkononi.

"Duka. La ghorofa."

Hilda akahisi kile kitu cha joto kikipanda, kilekile, hakikuzeeka hata siku moja. "Ghorofa ngapi?"

"Mbili. Na chini ataweka vyombo."

"Vioo vya mbele ni vikubwa?"

"Vikubwa sana, mama."

Hilda akapima mita nne, akachana, akakunja. Akamkabidhi mwanamke mzigo wake na kushika tena mita, kisha akaishusha. "Mungu amzidishie," akasema. Ilimchukua muda kulitoa neno hilo, na lilipotoka lilikuwa na ukavu kidogo. Mwanamke hakuligundua. Nyuma yake kulikuwa na mteja mwingine, ameshika kipande cha shati la mfano, akiuliza kama kuna rangi hiyo.